Ng'ombe Nilimtoa, Baba Mkwe Nikamwacha

Shangazi Siham mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mvua haijarudi, maana jambo hili nimelificha hata kwa mume wangu.

Naishi Kisondela, nyumba yetu iko chini ya mteremko, na mume wangu Ezron anafanya kazi Kiwira, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo wiki nzima tupo mimi, wanangu wawili, ng'ombe wa maziwa, paka, na baba mkwe ambaye anakaa chumba cha uani na mbwa wake Kamanda. Sasa Shangazi, baba mkwe anashika mila za zamani, kwake mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso, hata jina lake silitamki, chakula nampelekea kwa mkono wa mtoto, nikimsikia anakohoa njiani napita migombani, na nimeishi hivyo miaka tisa bila shida. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, siku ya tatu mchana nikasikia mlima unanguruma, kutoka nje naona ardhi imepasuka juu ya shamba na tope linashuka na migomba, basi nikachanganyikiwa, nikawashika watoto, nikakata kamba ya ng'ombe kwa panga, paka nikamtia kwenye kapu, tukakimbilia kwa jirani yetu Esnath ng'ambo ya barabara, na ni huko nilipokumbuka kwamba siku hizi mzee magoti yamemwisha, hatembei bila kushikwa.

Nilirudi, Shangazi, nakuapia nilirudi. Nikafika mpaka mlangoni pake, Kamanda yuko kwenye mnyororo anabweka hadi sauti imekauka, na mzee ndani anauliza, "Nani yuko hapo?" nami nikashindwa kujibu. Nilisimama nimefunika uso kwa kanga, nikaogopa kuingia kuliko nilivyoogopa tope, kisha nikakimbia. Tope liliishia kwenye banda la kuku, hatua kumi kutoka mlango wake, na kuku wote walikufa. Ezron alipokuja akanisifu mbele ya watu kwa kuokoa ng'ombe, nami nikazipokea sifa. Sasa wingu likitanda tu natoka nje kuutazama mlima, ule ufa bado upo, na mzee tangu siku ile anarudisha chakula nusu. Nadhani alijua ni mimi. Nifanye nini?

Mama Tulia, Kisondela

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenitia hofu hata mimi. Aliyerudi kwenye tope hana roho mbaya, hilo liondoe moyoni. Lakini nitakusema: ulimwacha mtu anaita, kisha ukapokea sifa za ng'ombe. Hapo ulikosea, na unajua.

Babu zangu walikuja Tukuyu na biashara ya vitambaa, mila yenu si yangu na siidharau. Ila nimezeeka katikati ya Wanyakyusa na sijamsikia mzee hata mmoja akisema heshima ni mkwe afe. Jumamosi mwambie Ezron yote, usimpunguzie. Yeye na shangazi yake wakae na mzee, atamke mwenyewe kwamba siku ya hatari umshike mkono. Na huyo Ezron naye ana lake, anamwacha baba asiyetembea chini ya ufa akimtegemea nani?

Kesho mwenyekiti wa kijiji aonyeshwe huo ufa, na mkiambiwa mhame, hameni. Mvua ikishinda siku nzima bila kukatika, msingoje mlima ungurume. Mzee aende kwa Esnath mapema, na vijana wa kumbeba muwe mmeshakubaliana nao. Kamanda asifungwe mnyororo msimu huu, ng'ombe afungwe fundo la kuvuta likafunguka, na mkifuga kuku tena banda lao liachwe wazi. Vitambulisho, kadi za kliniki, dawa za mzee na tochi vikae kwenye begi moja karibu na mlango. Halafu jaribuni kutoka siku ya jua, watoto wajue nani anamshika paka.

Mvua ikiwahi kabla ya Jumamosi, usisubiri kikao cha ukoo. Inamisha macho ukitaka, lakini ingia, mpe bega. Kama ni kosa, mtaombana radhi baadaye. Ila anayeombwa radhi sharti awe hai.