Ndege ya Chiriku

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mguu unaendeleaje? Wamekutoa plasta, au bado unajikokota na magongo? Mwambie shemeji nimesema asikuachie ngazi yoyote karibu, maana nakujua: ukiachwa peke yako utataka kupanga makabati. Na wale mapacha wako wagomvi wameshafungua shule? Sisi huku tuzima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya.

Kila ukipiga simu unaniuliza, "Shemeji yangu anaendeleaje?" nami nakujibu, "Anaendelea." Nakujibu hivyo kwa sababu huwa yuko pale pale, ananisikiliza bila kugeuza kichwa. Leo ametoka kwenda kunyoa, ndipo nimepata nafasi ya kukuandikia yaliyo moyoni. Ulikuwa umelazwa tulipomzika binti yetu, hukuona lolote, na najua hilo linakutafuna. Basi ngoja nikueleze.

Tangu siku ile ya maziko, shemeji yako hakudondosha chozi. Watu waliompa mkono pale makaburini walinong'onezana kwamba ana moyo wa chuma. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja najua haikuwa hivyo. Alikuwa amekauka. Duka la saa alilifunga, wateja wakawa wananipigia mimi kuulizia saa zao, na yeye akahamia kwenye meza ya kulia chakula, kwenye lile boksi.

Boksi lenyewe unalijua, au walau unayajua ya zamani yaliyolitangulia. Unakumbuka Chiriku alivyokuwa mdogo, kila kinachonguruma angani anakimbilia dirishani huku mdomo haufungi? Ndipo baba yake akamnunulia ule mfano wa kwanza wa ndege ya kivita, vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti. Wakakaa mezani, yeye na koleo lake la saa, mtoto na gundi mpaka kwenye nyusi. Ndege ile ilitoka na alama za vidole kila mahali, bawa moja limeinama. Chiriku akatangaza kwamba imepigwa vitani.

Hawakuacha tena. Miaka yote hiyo nimeishi na harufu ya rangi, na vumbi la msasa kwenye sukari. Zulia letu limemeza magurudumu na makombora kuliko jeshi lolote. Nikifagia, wote wawili wananikimbilia kukagua taka. Hata alipoingia jeshini akawa rubani wa kweli, bado alikuwa akimpigia baba yake na kumsahihisha. "Baba, hiyo kijivu uliyopaka ni ya kwenye picha. Za kwetu zimepauka kwa jua. Na nyuma ya injini pana masizi, usizifanye kama bibi harusi."

Likizo yake ya mwisho alikuja na boksi la ndege ya aina ile ile anayorusha. Kila kitu kimepunguzwa hadi ndege nzima inatosha kwenye sinia. Akaliweka mezani akasema, "Hii, Baba, ndiyo yangu. Tuitengeneze kama ilivyo, na makovu yake yote." Walifika kwenye kuunganisha kiwiliwili, likizo ikaisha. Mabawa walikuwa bado.

Sasa alipotutoka, mdogo wangu, mimi nilitaka boksi lile lipotee machoni mwangu. Nilishalifunga kwenye mfuko nikalisogeza mlangoni. Mzee akalichukua, akalirudisha mezani, akawasha taa yake ya kazi, akaanza kupiga msasa bawa. Tangu hapo tukawa tunakula jikoni, sahani mapajani. Asubuhi msasa, mchana msasa. Akipaka rangi anaifuta, anachanganya nyingine. Nikimsemesha anajibu kwa kichwa. Nilijisemea, mtoto nimeshampoteza, na huyu naye ananiponyoka nikimtazama.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa. Nikafungua, nikaona kijana mrefu, shati limenyooshwa mpaka mistari inaonekana, kofia ameishika kwa mikono miwili. Hakutaka kuingia.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa ndege yake."

Nilishika fremu ya mlango. Maana Chiriku alikuwa akimtaja sana, fundi hivi, fundi vile, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi wa kimama, akanicheka akaniambia fundi ana mke na mtoto anayeota meno. Sikuwahi kumwona. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu, pita." Akapita kama mtu anayekanyaga vioo.

Mzee hakunyanyuka. Alimtazama, akavuta kiti cha pembeni yake, akasema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimeyasikia tangu maziko: "Keti. Hapa chini ya bawa aliniambia pana kiraka. Nimekiweka sawa?"

Kijana akaketi. Akainama akakitazama kile kidude cha plastiki kwa karibu.

"Kiraka kipo upande wa pili, mzee. Huku hakuna kitu. Nilikitia mimi mwenyewe, kina kona za mviringo. Hicho chako kina kona kali."

"Mviringo kiasi gani?"

"Kama kucha yako ya kidole kidogo. Na rangi yake ilikuwa mpya kuliko bati lililokizunguka. Alikuwa akinisimanga nacho, eti nimemshonea ndege kiraka cha suruali."

Mzee akachukua msasa, akakifuta kile kiraka alichokipaka kwa siku nzima, akaanza upya upande wa pili. Wakawa wanaongea, mdogo wangu! Pale panapovuja mafuta, pale rangi ilipobanduka kwa viatu vya marubani wakati wa kupanda. Wanaongea kana kwamba ndege ipo uwanjani inawasubiri. Mimi nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Niliporudi na birika, mzee alikuwa ameshika kiti cha rubani kwenye ncha ya koleo. Kiti chenyewe si kikubwa kuliko punje ya hindi. Alikuwa amekitengenezea mikanda kwa bati laini la mfuniko wa kopo la maziwa, kila mkanda mwembamba kama uzi. Akauliza, bila kuinua macho:

"Mikanda hii inapita juu ya bega?"

"Juu ya bega, mzee. Halafu inakutana hapa kifuani."

"Na ulimfunga vizuri?"

Birika lilinilemea. Yule kijana alikitazama kile kiti kwenye ncha ya koleo. Kisha akasema:

"Nilimfunga, mzee. Nilivuta mpaka akanicheka, akasema, 'Fundi, unanifunga kama mzigo wa sokoni, niache nipumue.' Nikavuta tena kidogo. Nikatoa pini za usalama za kiti, nikamwonyesha, akazitazama zote, akaninyanyulia kidole gumba. Nikashuka ngazi."

"Na kiti?"

"Kiti kilifanya kazi. Injini ilizimika ndiyo kwanza ametoka ardhini. Alivuta mpini wake, kikamrusha nje kama inavyotakiwa. Lakini alikuwa chini mno, mzee. Mwavuli haukupata nafasi ya kufunguka. Waliochunguza wameniambia sina kosa. Hata mkuu wangu ameniambia. Lakini nikifumba macho namfunga upya. Kila siku namfunga upya, natafuta nilipokosea."

"Hukukosea," mzee akasema.

"Nimeomba likizo. Nadhani nitaacha kazi kabisa. Sina tena mikono ya kumfunga mtu."

Shemeji yako akakilaza kile kiti taratibu juu ya kitambaa. Akamgeukia kijana, akamshika vifundo vya mikono yote miwili, kama anavyoshika saa ya mtu aliyeileta akiwa na wasiwasi nayo.

"Nisikilize, mwanangu. Hii mikono iliyomkaza mpaka akalalamika ndiyo ninayotaka imfunge mtoto wa mwenzangu. Ukiondoka wewe, atakuja nani? Rudi kazini."

Kijana akaangua kilio pale pale, kichwa kwenye meza kati ya vikopo vya rangi. Mzee alimwacha alie, mkono wake mgongoni kwake, macho yake mwenyewe makavu.

Mimi nilirudi jikoni. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Sikwenda kulia tu. Nilikwenda kucheka. "Kama mzigo wa sokoni!" Nilimsikia kabisa, sauti ile ile, na ule mdomo alioubetua tangu utotoni. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba maneno yote ya mwanangu nimeshayasikia, hayataongezeka tena hata moja. Kumbe lilikuwa limebaki hilo, nalo limeletwa mlangoni na mtu asiyenijua. Nililishika mdomoni nikilirudia mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo fundi alikuwa akija Jumamosi, mpaka alipomaliza likizo yake. Tulirudi kula mezani, sahani zikiwa upande mmoja na ndege upande wa pili. Safari moja alikuja na mkewe na mtoto, mtoto akakamata tangi la mafuta akataka kulitafuna, mzee akamwacha mpaka sote tukapiga kelele.

Kazi ya mwisho ilikuwa jina. Ubavuni, chini ya kioo cha rubani, ndege zao huandikwa jina la mwenyewe. Zile stika za kulowesha majini zilizokuja kwenye boksi zilikuwa na majina ya watu wengine, kwa hiyo ilibidi aandike kwa mkono, kwa brashi aliyoipunguza mpaka ikabaki na unywele. Aliniita nimshikie taa. Jina lile nililichagua mimi, unakumbuka, mlitaka mengine nikakataa katakata. Nikalitazama likitokea herufi baada ya herufi, dogo kiasi kwamba ukipepesa macho hulioni. Alikosea, akafuta. Akakosea tena. Mara ya tatu likakaa. Nilizima taa, nikamletea maji ya kunawa.

Kioo cha rubani amekiacha wazi, na magurudumu yako chini. Nilimuuliza kwa nini asiiweke kana kwamba inaruka, kama zile nyingine zinazoning'inia darini. Akasema, "Hii isiruke." Basi.

Siku iliyofuata, ndiyo juzi Ijumaa, tulikuwa tumekaa, yeye anasafisha brashi zake na mimi nakunja nguo. Simu ikalia. Alikuwa fundi. Mzee aliweka sauti nje ili nami nisikie. Kulikuwa na upepo na kelele nyuma yake, ilibidi apaze sauti.

"Mzee! Nimerudi kazini. Leo nimemfunga mmoja, binti, mgeni kabisa. Nimemkaza sana."

"Eeh?"

"Ameshatua, mzee. Ametua salama. Yuko hapa anashuka ngazi, naona viatu vyake."

Mzee akasema, "Ahsante, mwanangu. Mwambie ampigie mama yake." Akaikata simu. Akaiweka juu ya meza, akainyoosha ilingane na ukingo, kama anavyopenda vitu viwe. Halafu, mdogo wangu, ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alianguka kutoka kwenye kiti chake. Nilidhani ni moyo. Nikatupa nguo, nikamshika, kumbe ni kilio, kilio chote alichokuwa amekizuia tangu siku ile, kinamtikisa mpaka vikopo vikagongana juu ya meza.

Aliponiona nimepiga magoti mbele yake alinishika kanga, akaniuliza, "Imekwisha. Sasa nimfanyie nini mtoto wangu? Niambie, mama, nimfanyie nini tena?"

Nimeishi na mtu huyu miaka yote, namjibia hata maswali aliyoulizwa na wengine, lakini hilo sikuwa na jibu lake. Nikakaa naye sakafuni, mgongo wangu kwenye mguu wa meza na kichwa chake mapajani mwangu, nikalia naye. Watu wa dukani chini walipanda kugonga, nikawaambia kupitia mlangoni hakuna baya jipya.

Mpaka sasa sina jibu, na sikuandikii kulitafuta kwako. Nimekuandikia kwa sababu wewe ni mama yake mdogo, ulimbeba kabla hajajua kutembea, na hukupata nafasi ya kulia nasi. Lia sasa, mpenzi wangu. Ukipata nguvu ya mguu, njoo. Usije na chochote.

Nisalimie shemeji, mwambie namshukuru kwa kukutunza. Wabusu mapacha kwa nguvu mpaka wakasirike. Msalimie na mama mkwe wako, mwambie dawa ya kifua aliyonielekeza imenifaa. Shemeji yako angekusalimu kwa mkono wake, lakini namsikia ndiyo kwanza anapanda ngazi, na nataka nikamtazame uso ulionyolewa.

Mungu akuponye mguu, awalaze salama nyote mlio chini ya dari yako, na kila anayetoka asubuhi amrudishe jioni.

Dada yako, anayekupenda leo kuliko jana,

Mama Chiriku