Siku ya Taaluma Haitabeba Jina Lako, Mama

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu utuache, asubuhi, kwenye kitanda cha hospitali, kalamu ikiwa bado imechomekwa kwenye nywele.

Hatutaandika hapa kwamba uliwapenda watu wote, maana ungefufuka utukosoe. Ulitupenda sisi, ulimpenda Baba, uliwapenda wanafunzi wako wa Jumamosi. Wavivu hukuwaonea huruma hata kidogo.

Ulikuwa ripota miaka ishirini na sita. Kila Jumamosi ulikwenda ile shule ya sekondari nyuma ya kituo cha mabasi, kwenye maktaba yenye dirisha lililozibwa kwa katoni, kuwaonyesha wanafunzi kazi ya uandishi wa habari ilivyo. Hotuba hukutoa. Uliwatuma nje dakika kumi, na wakirudi unamuuliza kila mmoja, "Umeona, au umesikia?" Ndiyo maana walikubatiza Bi Umeona. Aliyejibu "nimesikia" alirudishwa mlangoni hata kama mvua inanyesha. Mama mkubwa alipokwambia unawatesa watoto wa watu, ulimjibu, "Bora nimtese mmoja leo kuliko yeye awatese wasomaji miaka thelathini."

Mhariri wako mkuu, uliyemwita Bwana Kiti kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amesimama, alifika kwenye maktaba ile mara moja tu. Akawaambia wanafunzi siri ya kazi hii ni kujuana na wakubwa, akapigwa picha, akaondoka kabla hajaulizwa swali.

Halafu likaja suala la tangi. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba tangi jipya la maji la shule limejaa na shida imekwisha. Wanafunzi wako kumi na mmoja waliazima ngazi kwa fundi wa rangi, wakapanda mmoja mmoja, wakachungulia. Hapakuwa na hata tone. Wewe nawe ulipanda, na goti lako lile bovu, ndipo ukaipeleka habari yao gazetini. Ilitoka Jumatatu.

Alhamisi Bwana Kiti akaomba radhi ukurasa wa kwanza, eti wanafunzi "walitunga". Ngazi hakupanda. Alipigiwa simu moja na mwalimu mkuu, rafiki yake tangu shuleni, basi, yakaisha. Watoto wakaitwa waongo mbele ya shule nzima na maktaba ikatiwa kufuli. Ulikwenda ofisini kwake mara nne kudai awasafishe. Mara zote nne alikujibu, "Dada, hayo ni mambo ya watoto, yatapita." Hayakupita. Hospitalini ulikuwa unatuuliza kama amewasafisha kabla hujauliza habari ya dawa.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani. Alileta boksi la kofia zenye nembo ya gazeti na karatasi ya kutia saini. Anataka kuanzisha Siku ya Taaluma ya Uandishi kwa wanafunzi wa sekondari, na anataka ibebe jina lako.

"Marehemu alikuwa nguzo yetu," alisema, akiwa ameshaketi kabla ya kukaribishwa.

Baba, ambaye unajua maneno yake ni ya kuhesabu, alimuuliza, "Wale watoto umewaomba radhi?"

Bwana Kiti akacheka kidogo. "Mzee wangu, hayo tuyaache. Tutazame mbele."

"Haya, tutazame mbele. Mlango ule pale."

Alimbebesha boksi lake mwenyewe, karatasi ikiwa juu, haina hata alama ya wino.

Basi jibu la familia ni hili, na alisome kila mwenye macho: hapana. Jina lako si kofia ya kufunikia upara wa mtu. Aliyeshindwa kupanda ngazi kuwatetea wanafunzi kumi na mmoja hana la kuwafundisha wengine mia. Akitaka siku ya taaluma, aipe jina lake tuone nani atakwenda.

Ulituambia matangazo ya ukurasa huu wa kumbukumbu za marehemu, katika gazeti lako mwenyewe, hayapitii meza ya mhariri, na kwamba Bwana Kiti haufungui kamwe, anaogopa asije akakutana na jina lake. Kwa hiyo tumeitumia nafasi.

Tunakukosa, Mama. Nyumba ina utulivu tusioutaka. Hakuna anayesoma gazeti kwa sauti na kulikaripia ukurasa kwa ukurasa mpaka chai inapoa.

Unakumbukwa na mumeo. Sisi wanao watatu. Dada yako mkubwa, ambaye bado anasema uliwatesa watoto, na analia akisema. Na wanafunzi kumi na mmoja wa Jumamosi, ambao si ndugu zako wa damu lakini waliomba waandikwe hapa, nasi tukaona wamechelewa kuomba. Waliomba pia tuwachapishie sentensi moja, kwa kuwa gazeti limekataa kuirudisha mpaka leo.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na tangi lilikuwa tupu.