Koti la Mkurugenzi

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo! Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Kaa chini kwanza. Umekaa? Wapelelezi wamekubali! Nimewaonyesha karatasi za kiwandani: dawa yetu ya kikohozi cha watoto inatiwa kemikali ya kutengenezea rangi, na watoto wanaharibika figo. Wanasema karatasi hazitoshi, wanataka sauti ya Mkurugenzi mwenyewe. Wamenipa kinasa sauti kidogo kama kiberiti.

Nishonee koti, Mama, lenye mfuko wa siri kifuani na tundu dogo nyuma ya kifungo ili kisikie. Usipige simu, zetu zinasikilizwa. Usimwambie mtu, hata dada. Hasa dada!

Kitindamimba wako

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, achana nao. Koti hilo hapo! Nimelishona mlango umefungwa na redio inapiga kelele. Tundu limekaa vizuri, hata fundi mwenzangu hawezi kuliona. Nilitia simu yangu humo nikaenda kumsalimia dada yako, nikanasa kila neno alilomsema mumewe. Weee, patamu!

Naogopa, nisikudanganye. Lakini nikiwafikiria hao watoto, mikono yenyewe inashona. Kula vizuri.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo mara kumi! Nimemnasa! Kasema, "Watoto wanaumwa tu, ndiyo kazi yao." Mama, nilitaka kuruka juu ya meza! Ila feni ilikuwa inanguruma, nusu haisikiki, kwa hiyo wapelelezi wanataka nirudie tena, safari hii na mwenye kampuni akiwepo.

Sasa cheka: Mkurugenzi kalipenda koti! Kaniuliza fundi ni nani. Nikababaika, nikamwambia ni mama yangu. Kachukua anwani yako. Ningefanyaje?

Kitindamimba

21 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mkurugenzi wako amekuja mwenyewe, na dereva! Mnene, ana adabu, kanipa shikamoo. Akasema, "Nishonee kama lile lile, lisipungue hata mshono." Unanijua, mteja akisema lile lile, mimi nashona lile lile. Nikatoa vielelezo vya karatasi nilivyokatia lako, nikavipanua tumboni, nikashona kila kilichomo. Amelichukua jana, kafurahi kweli.

Kila kilichomo.

Mungu wangu. Mfuko. Na tundu! Mwanangu, ukipata barua hii, toka humo kiwandani hata kama hujavaa viatu.

Mama

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Niko hai, nisamehe kimya changu. Barua yako ilinikuta nafunga mikanda ya viatu, nikakimbia kweli, nikajificha kwa rafiki nikingoja kukamatwa. Kumbe Mkurugenzi aliuona mfuko na tundu siku ile ile, akaelewa kazi yake, na akaupenda! Akanunua kinasa chake, akawa ananasa wenzake wote, mwenye kampuni akiwemo, ili siku ikifika asizame peke yake. Wapelelezi walipoingia, aliwapokea mlangoni, koti mwilini.

Sasa ndiye shahidi mkuu. Nilichonasa mimi ni feni tu. Magazeti yanamwita shujaa, na sinema inatengenezwa, ya kuchekesha eti! Nimo pia, dakika mbili, nabeba chai. Kazi nimefukuzwa kwa utoro.

Lakini Mama, kiwanda kimefungwa! Dawa imeondolewa madukani kote, nimezunguka mwenyewe kuhakikisha, hakuna hata chupa. Nacheka peke yangu barabarani, halafu nalia.

Mwanao

16 Julai

Kitindamimba wangu,

Marahaba, marahaba! Nimepiga vigelegele mpaka dada yako kaja mbio. Nimemwambia yote, sasa mtaa mzima unajua, na vizuri!

Watu wa sinema wamekuja na vitambaa, wanataka nimshonee koti anayemwigiza Mkurugenzi. Nikawasimulia nani alianza, na alianza akiwa peke yake, hajaahidiwa kitu. Kijana wao akasema, "Mama, huyo hana mvuto, hakunasa chochote." Nikauliza, na anayemwigiza mwanangu nimshonee nini? Akasema avae chochote tu.

Nikamrudishia vitambaa vyake vyote, nikamfungulia mlango.

Najivunia wewe, mwanangu, nasema wazi. Kuna watoto watakua ambao hawatakujua kamwe, na hivyo ndivyo ulivyotaka. Panda basi la asubuhi, uje. Nimeshaanza kukukatia koti jipya, halina mfuko.

Mama yako