Nibebee Pointi

Ijumaa, Agosti 2016. Toongabbie, Australia. Jua lipo, lakini ni la mapambo tu. Baridi inauma mpaka vidole vya miguu.

Nimebanwa. Sina neno lingine.

Picha ya kamera ya barabarani imefika: gari langu linalipita basi la shule lililosimama, taa zake za nyuma zikiwakawaka, kwa mwendo usioruhusiwa karibu na shule. Aliyekuwa kwenye usukani ni Shem Barasa, kaka mkubwa wa mume wangu. Gari lake lilikuwa gereji, nikamwazima langu.

Sasa anataka niseme ni mimi.

"Shem, nibebee tu hizo points," aliniambia jana kwa simu, kama mtu anayeomba umshikie mfuko. "Wewe uko clean. Mimi wakinikata tena, lori la Ingleburn nalisahau, job imeisha."

Nyumbani pointi zilikuwa za kufaulu mtihani, ukizipata unapikiwa kuku. Hapa ni za makosa ya barabarani, zinakula leseni, na yangu bado ni ya P, ya dereva anayeanza. Wakiisimamisha, wazee ninaowaogesha nyumba kwa nyumba nitawafikiaje? Tena kudanganya ni kesi. Shem anajua yote hayo.

Lakini ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege. Tulilala sebuleni kwake Guildford mpaka tukapata nyumba, na hakutununia hata siku moja. Mume wangu ananiambia niamue mwenyewe, kisha anaangalia pembeni. Nimemkasirikia yeye kuliko hata Shem.

Leo asubuhi nilikuwa nimeshakubali moyoni.

Kisha binti yangu Neema, nikiwa namsuka, akaiona ile picha mezani. Lile ni basi lake. Siku hiyo alikuwa ameshashuka, akaliona gari letu, akaanza kuvuka barabara akilikimbilia. Dereva wa basi alipiga honi, ndipo akaruka nyuma. Hakuwahi kunieleza.

"I thought you came to get me, Mum."

Alisema hivyo tu, akaomba shanga za bluu. Nilishindwa kuendelea kusuka.

Nikisema ni mimi, basi ni mimi niliyempita mwanangu pale barabarani. Hapana. Hilo siwezi.

Naogopa, sifichi. Ukoo mzima utasema nimeota mapembe Australia.

Kesho Shem anakuja kula kwetu, kama kila Jumamosi. Nitamwambia kabla hajanawa mikono.