Mwisho wa Mshono

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Naomba barua hii ikukute ukiweza kulala, maana mdogo wangu Mabula ameniarifu kuwa tangu msiba anakulisha kwa kukubembeleza. Je, mguu umepungua kuvimba? Shangazi bado yupo nawe hapo Igogo, au amekwisha kurudi Sengerema?

Sikuja kumzika Baba. Kibali changu cha kuishi huku Uholanzi kilikuwa hakijatoka, na bila hicho nisingeruhusiwa kurudi; sababu hiyo, ingawa ni ya kweli, hainifariji. Kwenye simu ya Mabula nilisikia honi ya kivuko kilichobeba jeneza, kisha mtandao ukakatika. Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Naifundisha roboti, yaani mkono wa chuma, kuchomelea boriti za majengo, nami huutazama nikiwa nyuma ya kioo cheusi. Nilipoanza, niliufundisha kama Baba alivyonifundisha katika karakana yake ya Mkuyuni. Unakumbuka alivyonitania mbele ya wateja: "Msomi, huu ni mshono au mavi ya mbuzi?" Kisha hunishika kiwiko: "Ukifika mwisho usikimbie. Moto ukiondoka ghafla unaacha kishimo, na ufa huanzia hapo. Rudi nyuma kidogo, jaza, ndipo uinue mkono."

Basi roboti nayo ikawa inarudi nyuma kidogo kila mwisho wa mshono. Wenzangu walicheka: "Mashine ya Masanja imesahau funguo!"

Niliporejea kazini baada ya msiba, nilisimama kwenye kioo nikauona mkono ukifika mwisho, ukirudi, ukijaza, ukiinuka. Boriti moja, kisha nyingine. Nilikuwa na Baba, Mama. Siwezi kulieleza kwa usahihi zaidi ya hapo.

Kisha msimamizi akaniita. Mitambo mipya tuliyofungiwa hupunguza moto yenyewe inapokaribia mwisho, na kishimo hakitokei.

"Kule kurudi nyuma kunatuchelewesha," alisema. "Kuondoe."

"Niruhusu nipime kwanza."

"Pima. Lakini unalijua jibu."

Nilikata vipande, nikavisugua, nikavitazama kwa hadubini nikitafuta ufa. Niliutamani. Haukuwepo. Mimi ni mtu wa vipimo, na vipimo vilikuwa upande wake. Nikaketi mbele ya kompyuta nikaufuta mwendo ule mwenyewe. Kwenye boriti iliyofuata mkono ulifika mwisho, ukainuka. Nilitoka nje nikalia kilio nilichopaswa kulia kaburini.

Nisalimie Shangazi, na Mjomba, anayemsaidia Mabula kufungua karakana, na jirani yetu muuza dagaa, aliyekupikia uji siku zile ngumu.

Neno moja la mwisho. Mabula amenieleza kuwa ataunda msalaba wa chuma wa kusimika siku ya arobaini, na kwamba atausugua "mpaka uteleze kama wa dukani". Tafadhali mkataze. Asitie grenda kabisa. Afike mwisho, arudi kidogo, ajaze, ndipo ainue mkono. Msalaba ukisha kusimikwa, Mama, papasa kwa kidole pale mshono unapoishia. Utakuta kinundu kidogo. Hapo ndipo ulipo mkono wa Baba. Huku haupo tena.

Mimi, kifungua mimba wako,
Masanja