Toa Mikono, Rudisha

Mwenzio nimeumbuka! Nakuandikia nimevaa glavu, na ni wewe uliyenivalisha.

Si nilikwambia kamera yetu ya darubini ya miale ya gama inaona mwanga pasipo na mwanga? Siku tatu! Ile kitu inanasa hata chembe moja ya mwanga, ndiyo maana tunaipima kwenye chumba cheusi tii. Na Jumatatu inapandishwa mlimani, tumemaliza hatujamaliza.

Mimi ndiye msimamizi wa giza. Nimeziba mlango kwa tepu. Nimevua watu saa. Nimemfokea mpaka dada wa usafi, eti kifungo chake kinametameta!

Leo nimeingiza mikono nyuma ya pazia, nimeshika taa ya kupimia mbele ya kamera. Imezimwa. Mkuu yuko nje anasoma kompyuta, anapaza sauti: "Mwanga upo. Hebu toa mikono."

Nikatoa.

"Umepotea. Rudisha."

Nikarudisha.

"Umerudi. Toa tena."

Mungu wangu.

Akaingia, akafunga mlango, akafunua pazia. Kucha kumi, kijani kwa mbali, kama vimulimuli wagonjwa. Ile rangi uliyonipaka Jumapili ukaapa ni ya kawaida! Ya kawaida!

Kwenye daftari la kazi kaandika: "Chanzo cha mwanga: kucha za msimamizi wa giza."

Sasa lete dawa ya kuitoa. Na chupa yenyewe uje nayo. Mkuu, yule asiyecheka, kaninong'oneza anaitaka akapake swichi ya chumbani kwake. Kila siku anaipapasa haioni.