Waranti Haijui Upako

Jumanne jioni, Kitale. Mvua inapiga mabati na mimi nimekaa na kikombe cha chai, nacheka peke yangu. Halafu nakumbuka jinsi nilivyoaibika leo, naacha kucheka.

Ni ile TV ya Mama. Niliinunua hapa Kitale, mpya, na waranti ya mwaka mmoja, nikampelekea nyumbani Tongaren ili Jumamosi hii amwone mdogo wangu Nekesa akihitimu uuguzi huko ng'ambo. Sherehe itaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Mama aliuza ng'ombe kumsomesha huyo msichana, na macho yake siku hizi hayawezani na simu. Ameshaalika kina mama wote wa kanisa.

Sasa, kwetu kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa. Nyumba, pikipiki, hata cherehani. Kwa hivyo Mama alimwita Pasta, naye akaja na chupa yake ya mafuta ya upako. Wachungaji wengine hupaka tone moja kwa kidole. Pasta wetu si mtu wa tone. Aliyamimina juu ya TV, pale kwenye matundu ya kutolea joto, kina mama wakaitikia amina, na mafuta yakaingia ndani bila kizuizi.

Kufikia jioni skrini ilikuwa nyeusi tititi.

Leo asubuhi mimi na Mama tuliileta dukani ikiwa imefungwa kwa blanketi. Nakiri nilikuwa nimejipanga kudanganya. Ningesema ilizima yenyewe, basi. Nilimwomba Mama aniachie mazungumzo, akanyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani amekubali.

Fundi alifungua nyuma, akainama, akanusa.

"Madam, hii kitu imemwagikiwa mafuta ya kupika?"

Kabla sijapata jibu, Mama alishafika mbele yangu.

"Ya kupika gani? Hiyo ni ya upako! Pasta mwenyewe ndio alimwaga."

Uongo wangu ulifia mdomoni. Fundi akatueleza kwamba waranti inahusu kasoro iliyotoka kiwandani, si kitu kilichoingia baadaye. Maji, chai, soda, mafuta, panya, vyote havimo. Mama akauliza kama ati upako umewekwa pamoja na panya. Fundi akamjibu kwa heshima zote kwamba kampuni haibagui. Wateja walikuwa wametugeukia wote. Kulikuwa na friji kubwa karibu nami, na nilitamani kuingia nifunge mlango.

Fundi atajaribu kuisafisha kwa gharama yetu. Lakini kabla ya Jumamosi, akasema, tusahau.

Hapo Mama aliacha kubishana. Alikaa juu ya katoni ya redio, akashika leso yake ya kichwa, akasema polepole, "Basi sitamwona." Hasira yote niliyobeba kutoka Tongaren iliniisha. Maneno yake yaliniuma sana. Nilitaka kumwambia tutatafuta njia, ila sikuwa na njia yoyote.

Njia aliipata mwenyewe. Alitoa simu, akampigia Pasta, na kwa kuwa Mama huweka simu kwenye spika, sauti ya juu kabisa, duka zima lilikuwa mkutanoni.

"Pasta, ile TV ulibariki imekufa. Huku wanasema mafuta haiko kwa waranti. Sasa nakuuliza, maombi yako iko na waranti?"

Hata fundi aliweka bisibisi chini.

Pasta alikohoa. Alikohoa tena. Kisha akasema Jumamosi ataleta TV yake mwenyewe, kubwa kuliko yetu, na ataiunganisha mapema kabla wageni hawajafika. Mama alisimama kutoka kwenye katoni akiwa mtu mpya. Alimshukuru, akamwita mtumishi wa kweli, akamwahidi kwamba kina mama watampokea mlangoni na chupa ya mafuta, ili TV iombewe kabla ya kuingia.

"Hapana, Mama, hapana!" Sijawahi kumsikia Pasta akiongea haraka hivyo. "Hiyo mtaombea na mdomo tu. Bado iko kwa waranti."

Mama atamwona Nekesa. Hilo limenitoa wasiwasi, namshukuru Mungu. Ila nimekaa hapa na chai imeshapoa, najiuliza: huyu Pasta alisoma masharti ya waranti lini, na mbona siku ile alikuja kwetu na chupa nzima?